Neno "Molehill": Kilima cha Fuko, Maana Yake na Matumizi Yake

Somo la redioni kwa madarasa ya watu wazima

Somo hili limepigwa chapa ili wale ambao hawakuwahi kulisikiliza walisome wenyewe, na wale waliolisikiliza walisome tena polepole. Mmoja wenu na asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa kidole mstari kwa mstari. Mkifika penye neno gumu, simameni, mlisome tena, kisha mwendelee.

Leo tutajifunza neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "molehill". Labda mtu atauliza, "Neno moja kwa somo zima! Kwa nini?" Sababu ni hii. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kitu ambacho mkulima hukiona shambani mwake. Maana ya pili ni msemo, nao watu huutumia wanapobishana, katika mikutano, katika barua na katika magazeti. Mtu akiutumia msemo huo vizuri, hupoza ugomvi. Akiutumia vibaya, anaweza kumnyima mwenzake haki yake. Ndiyo maana inafaa tulijue neno hili vema kabla ya kulitia kinywani.

KULISOMA NA KULITAMKA

Neno hili lina herufi nane: m, o, l, e, h, i, l, l. Mnajua kwamba Kiingereza huandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine. Hapa herufi "e" imeandikwa lakini haitamkwi. Tena zile "l" mbili za mwisho hutamkwa kama moja. Basi tamkeni "moul-hil", na mkazo uwe katika sehemu ya kwanza: MOUL-hil. Rudieni mara tatu.

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni "mole", yaani fuko. La pili ni "hill", yaani kilima. Angalieni jinsi Waingereza wanavyoyapanga. Wao humtaja kwanza fuko, kisha kilima chake. Sisi hutaja kwanza kitu, kisha mwenyewe: kilima cha fuko. Mtu akifasiri kwa kufuata mpango wa Kiingereza, atasema "fuko kilima", na hakuna atakayemwelewa. Vilima vikiwa vingi, Waingereza huongeza herufi "s" mwishoni: "molehills". Sisi hubadilisha mwanzo wa neno: vilima vya fuko.

Jihadharini pia na neno "mole" likiwa peke yake. Waingereza hulitumia kwa maana ya doa jeusi lililo katika ngozi ya mtu. Kadhalika hulitumia kwa mpelelezi aliyejificha miongoni mwa adui zake kwa muda mrefu, akijifanya mwenzao. Msistaajabu, maana hata sisi tuna jambo kama hilo. Neno letu "fuko" lina maana ya mnyama, na pia lina maana ya mfuko mkubwa. Mtu akisema, "Fuko huyu amekula viazi," tunajua anamsema mnyama. Akisema, "Fuko hili limejaa viazi," tunajua anasema mfuko. Maneno yanayozunguka neno ndiyo yanayotuonyesha maana yake. Kanuni hiyo ni ya lugha zote, nanyi mtaihitaji tena kabla somo hili halijaisha.

FUKO WAO NA FUKO WETU

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Fuko wa Uingereza na fuko wetu wana jina moja katika vinywa vya watu, lakini si ndugu.

Fuko wa Uingereza ni mnyama mdogo, mweusi, mwenye manyoya laini kama mahameli. Viganja vyake vya mbele ni vipana kama sepetu, na kwa viganja hivyo huchimba. Chakula chake kikubwa ni nyungunyungu. Hali mizizi ya mimea. Wakulima wa huko humchukia kwa sababu nyingine: udongo anaoutupa juu huharibu malisho, hugugumiza visu vya mashine za kukatia majani, na huchanganyika na majani ya kulishia ng'ombe.

Fuko wetu ni wa jamaa ya wanyama wagugunaji, kama panya na nungu. Yuko fuko mmoja anayepatikana kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji, mwenye manyoya ya rangi inayong'aa kama fedha. Wataalamu wamempa jina la Heliophobius, ambalo katika Kiyunani lina maana ya mwenye kuogopa jua. Jina hilo linamfaa, kwa kuwa maisha yake karibu yote ni chini ya ardhi. Huishi peke yake katika njia zake. Hachimbi kwa viganja bali kwa meno. Meno yake manne ya mbele yametokeza nje, na midomo hufunga nyuma ya meno hayo, hivyo huweza kuchimba bila kumeza udongo. Meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Chakula chake ni mizizi na viazi vya mwituni, na akifika shambani, basi ni viazi vitamu na mihogo ya mwenye shamba.

Wako na fuko wengine wa jamaa hiyo katika Afrika. Huko Kenya, Ethiopia na Somalia yuko fuko asiye na manyoya, anayeishi kwa makundi makubwa yenye malkia mmoja azaaye, kama nyuki. Tena lipo jambo moja la kutufurahisha. Mwaka 2006 wataalamu waliwatenga fuko fulani wa Afrika katika kundi lao wenyewe, wakaliita kundi hilo Fukomys. Sehemu ya mwisho ya jina hilo ni neno la Kiyunani lenye maana ya panya. Sehemu ya mwanzo ni neno hili hili mlilolisoma sasa hivi, "fuko", linalojulikana katika lugha zetu za Kibantu. Basi mnaona kwamba wataalamu wa dunia nao huazima maneno kwetu.

NAMNA YA KUKITAMBUA KILIMA CHA FUKO

Fuko akichimba njia yake, udongo unaotoka lazima uende mahali. Huusukuma nyuma, kisha huusukuma juu mpaka utokeze nje. Udongo huo hukusanyika kama chungu ndogo ya unga uliomwagwa. Hicho ndicho kilima cha fuko, ndicho "molehill".

Watu wengine hukiita kichuguu, lakini yafaa tupambanue. Kichuguu ni kazi ya mchwa. Kichuguu ni kigumu. Jembe likikipiga hulia. Huweza kukua miaka mingi, hata kumzidi mtu kwa urefu. Kilima cha fuko ni laini, udongo wake umevunjikavunjika, na kikiwa kipya huwa na unyevu na rangi ya kiza kuliko udongo uliokizunguka. Kimo chake kwa kawaida hakifiki hata magotini. Tena juu yake huoni tundu lililo wazi, kwa sababu fuko huziba mlango wake kwa udongo. Na kwa kawaida kilima cha fuko hakiwi kimoja. Huviona viwili, vitatu, vinne, vimefuatana kama watu waliopanga safu.

Safu hiyo ndiyo habari kubwa kwa mkulima. Kilima chenyewe hakina madhara makubwa. Mtoto anaweza kukisawazisha kwa mguu. Lakini chini yake pana njia, na njia ya fuko mmoja huweza kufika makumi ya mita. Mwenye shamba la mihogo kule pwani ya ziwa akiona vilima vitatu vimeelekea kwenye matuta yake, asicheke kwa udogo wake. Majani ya mihogo yanaweza kuwa ya kijani, naye amesimama akijisifu, kumbe chini muhogo unaliwa. Atajua siku ya kung'oa.

Afanyeje? Afukue pale penye kilima kipya mpaka aione njia, aiache wazi. Fuko hapendi mwanga wala upepo katika njia yake, hivyo hurudi kuiziba. Hapo ndipo wakulima humvizia kwa jembe, au humtegea mtego. Msitie sumu ndani ya njia hizo. Sumu iliyowekwa ndani ya shamba la chakula inaweza kumdhuru mwenye shamba na watoto wake. Na tuseme haki: fuko naye ana faida. Huugeuza udongo na kuupitisha hewa na maji. Porini ni mlimaji asiyedai ujira. Taabu huja akihamia katika viazi vyetu.

MAANA YA PILI: MSEMO

Sasa tuingie katika maana ya pili. Waingereza wana msemo huu: "to make a mountain out of a molehill". "Mountain" ni mlima. Maana ya maneno yenyewe ni kukifanya kilima cha fuko kuwa mlima. Maana ya msemo ni kulikuza jambo dogo hata lionekane kubwa mno.

Msemo huu ni wa zamani. Katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1548, mfasiri aitwaye Nicholas Udall aliuandika pamoja na msemo mwingine wa kale zaidi, wa kumfanya nzi kuwa tembo. Wajerumani mpaka leo husema kumfanya mbu kuwa tembo. Mnaona kwamba kila watu huchukua kitu kidogo wanachokiona kwao, wakakipambanisha na kitu kikubwa. Mwingereza huona vilima vya fuko katika malisho yake, kwa hiyo akavitumia hivyo.

Ninyi mnaokaa Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa mnaweza kuuelewa msemo huu kuliko wengi wa Waingereza wenyewe. Mtu akisimama shambani mwake karibu na ziwa, ataona kilima cha fuko miguuni pake, na akiinua macho kuelekea kaskazini ataona Safu ya Livingstone, milima inayopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kimoja kiko chini ya unyayo, kingine kimeshika mawingu. Anayesema kwamba hivi viwili ni sawa, amepotoka kiasi gani!

Kiswahili chetu kina njia zake za kusema jambo hilo. Tunasema, "Anakuza mambo," au "Anatia chumvi." Tena lugha yetu inaweza kuonyesha tofauti hiyo kwa silabi moja tu: kilima na mlima. "Ki" huonyesha udogo. Hata hivyo msiliamini jina peke yake. Kilimanjaro huanza kwa "kilima", nao ni mlima mrefu kuliko yote ya Afrika, mita 5,895. Jina ni jina, kipimo ni kipimo. Likumbukeni hilo.

MFANO WA LIULI, MWAKA 1914

Sasa tutazame mfano wa kweli, na mfano huu ulitokea hapa hapa pwani ya Ziwa Nyasa.

Mwaka 1914 nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Liuli walikuwa wameiita Sphinxhafen. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, walitawala Waingereza. Kila upande ulikuwa na meli ndogo ya serikali ziwani. Meli ya Wajerumani iliitwa Hermann von Wissmann, na nahodha wake alikuwa Berndt. Meli ya Waingereza iliitwa Guendolen, na nahodha wake alikuwa Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa wakifahamiana, na ilikuwa desturi yao kunywa pamoja walipokutana.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vilitangazwa huko Ulaya. Habari zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja Liuli na meli yake yenye mzinga. Alipofika, alimkuta Hermann von Wissmann yuko nje ya maji, amepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Rhoades akapiga mzinga, na meli ikaharibika. Inasimuliwa kwamba Berndt alikuja kwa mtumbwi mdogo, amejaa hasira, akamwuliza rafiki yake kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani. Akachukuliwa mateka.

Basi meli moja, tena iliyokuwa haimo majini, ilipigwa na meli nyingine. Lakini huko London gazeti la The Times lilitangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Msomaji wa London, asiyejua Liuli iko wapi, labda alifikiri kwamba meli nyingi zimezamishwa na mawimbi yamejaa moshi. Hapo kilima cha fuko kilifanywa mlima.

Lakini msifunge kitabu bado. Wajerumani walianza kuitengeneza meli ile, na mwaka 1915 Waingereza walilazimika kurudi Liuli kuipiga tena. Na vita vile vilivyosikika ziwani kwa kishindo kidogo vilienea Afrika Mashariki yote mpaka Novemba 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote, walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kishindo cha Liuli kilikuwa kidogo, na gazeti lilikikuza. Vita vilivyokuwa chini yake vilikuwa mlima kweli. Walioubeba mlima huo hawakuwa wale waliosoma gazeti London.

HADHARI: NANI ANAPIMA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Anayesema, "Unakifanya kilima cha fuko kuwa mlima," amejifanya mpimaji. Amesema kwamba yeye amelipima jambo la mwenzake na ameliona ni dogo. Je, amelipima kweli? Au anataka tu mwenzake anyamaze?

Tuchukue mfano wa milimani. Ninyi mnaolima ngoro mnajua kazi yake. Nyasi hufyekwa, zikapangwa miraba miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo. Panakuwa na shimo katikati na matuta pande zote, na maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji hukaa katika mashimo badala ya kuporomoka na udongo. Kwa njia hiyo Wamatengo wamelima miteremko mikali tangu zamani bila kuupoteza udongo wao.

Sasa tuseme kwamba mama mmoja amekwenda kwenye mkutano wa kijiji. Anasema, "Wazee wangu, jirani yangu wa juu ameacha matuta mawili ya ngoro yabomoke. Maji yameanza kupita na kuingia kwangu." Mzee mmoja anamjibu, "Ah, mwanangu! Matuta mawili tu! Usikifanye kilima cha fuko kuwa mlima." Watu wanacheka, naye mama anaketi.

Nani amekosea? Matuta mawili ni madogo, ni kweli. Lakini katika mteremko, maji yakipata njia, huibomoa ngoro ya kwanza, yakapata nguvu, yakaibomoa ya pili na ya tatu. Mvua kubwa ikija, mama huyo atapoteza maharage pamoja na udongo wake. Wakati huo hakuna atakayecheka. Mzee alipima udogo wa matuta, hakupima mteremko. Wahenga wetu walikwisha kumjibu: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Basi mnaona kwamba msemo wa Kiingereza na methali zetu zimesimama pande mbili za mlango mmoja. Msemo unasema, "Usilikuze dogo." Methali zinasema, "Usilidharau dogo." Zote mbili ni kweli. Kazi ya mtu mwenye akili ni kujua leo ni siku ya ipi.

Kabla ya kuutumia msemo huu, jiulizeni maswali matatu.

La kwanza: Jambo hili lina ukubwa gani leo? Litazameni kwa macho yenu wenyewe, msisikilize kelele peke yake.

La pili: Chini yake kuna nini? Kilima cha fuko ni kidogo, lakini njia iliyo chini yake ni ndefu.

La tatu: Likiachwa, kesho litakuwaje, na ni nani atakayeumia? Kama atakayeumia ni yule anayelalamika, na wewe hutaumia, basi usiwe mwepesi wa kumwambia anakuza mambo.

Yako mambo ambayo msemo huu haufai kabisa. Homa ya mtoto mdogo si kilima cha fuko. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile apimwe. Msingoje kuona kama itakua. Mama mjamzito akitokwa damu, si kilima cha fuko. Ufa mpya katika ardhi ya mteremko juu ya nyumba, wakati wa masika, si kilima cha fuko. Mtu asiwafungeni mdomo kwa msemo.

Na wako wakuu waliojikwaa. Mwaka 1702 Mfalme William wa Tatu wa Uingereza alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika mfupa wa mtulinga, na baada ya wiki mbili hivi akafa. Inasimuliwa kwamba farasi wake alijikwaa katika kilima cha fuko. Adui zake waliokuwa wakimchukia walifurahi, wakawa wakinywa kwa heshima ya yule bwana mdogo mwenye koti la mahameli nyeusi, yaani fuko. Basi hata huko kwenye asili ya msemo, kilima kidogo kiliweza kubadilisha kiti cha enzi.

MAZUNGUMZO YA KUSOMA KWA SAUTI

Wanafunzi wawili na wasimame, wasome mazungumzo haya.

Mazungumzo ya kwanza.

Mdogo: Shikamoo, kaka.

Kaka: Marahaba. Mbona umenuna hivyo?

Mdogo: Shemeji aliazima jembe langu. Amelirudisha mpini una ufa. Sisemi naye tena, na arusi ya binti yake siendi!

Kaka: Mpini! Mti umejaa porini. Asubuhi tutakata mwingine, na saa nne utakuwa unalima. Ukikosa kwenda arusini, miaka kumi watu watakumbuka. Usikifanye kilima cha fuko kuwa mlima.

Hapa msemo umetumika vizuri. Kaka amelipima jambo: hasara ni ya asubuhi moja, na dawa yake ipo. Tena hakumwacha mdogo wake na hasara, bali amejitolea kusaidia.

Mazungumzo ya pili.

Shangazi: Mwanangu, ile mizani ya mnunuzi wa kahawa inanitia shaka. Nyumbani nilipima, kwake imepungua kilo moja.

Mpwa: Shangazi nawe! Kilo moja tu? Unakifanya kilima cha fuko kuwa mlima.

Shangazi: Kilo moja katika gunia langu. Na magunia ya wenzangu je? Na ya msimu mzima?

Hapa msemo umetumika vibaya. Mpwa ameona kilima, hakuona njia iliyo chini yake. Kilo moja kwa kila gunia, kwa kila mkulima, kwa msimu wote, ni mali nyingi. Shangazi ndiye aliyepima vizuri. Dawa yake ni mizani kukaguliwa mbele ya watu wote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

"Mole" ni fuko. "Hill" ni kilima. "Molehill" ni kilima cha fuko, yaani chungu ya udongo laini anaoutoa fuko akichimba njia yake. Si kichuguu cha mchwa.

"Mountain" ni mlima.

"To make a mountain out of a molehill" ni kulikuza jambo dogo. Mkiufasiri msemo huu kwa mtu asiyejua Kiingereza, hamna haja ya kumtaja fuko wala mlima. Semeni tu, "kukuza mambo". Mfasiri mwema hubeba maana, haburuti maneno.

MASWALI YA DARASANI

Zungumzeni pamoja, kisha kila mtu aandike majibu yake katika daftari.

1. Tajeni tofauti tatu kati ya kichuguu cha mchwa na kilima cha fuko.

2. Fuko wa Uingereza na fuko wetu hutofautianaje kwa chakula na kwa namna ya kuchimba?

3. Andikeni sentensi mbili zenye neno "fuko": moja kwa maana ya mnyama, nyingine kwa maana ya mfuko mkubwa. Angalieni maneno yanayofuata.

4. Katika habari ya Liuli ya mwaka 1914, kilima kilikuwa nini, na mlima ulikuwa nini?

5. Kumbukeni lalamiko moja lililoletwa katika mkutano wa kijiji chenu likachekwa. Lipimeni sasa kwa maswali yale matatu. Je, lilikuwa kilima cha fuko kweli? Kama mtaona kwamba halikuwa, andikeni barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji, mistari mitano tu, mkimwomba lizungumzwe tena. Mnajua kuandika sasa. Itumieni kalamu.

Someni kwa bidii.